Nusu Siku, Watu Sita

Saa kumi na mbili na robo, gari la viti saba,
watu sita na mimi Nyevu, mwonyesha njia.
Karatasi yetu inasema: shamba la mvinyo,
kisha ndege na wanyama wa pwani,
kurudi kabla ya adhuhuri.
Haisemi kwamba mvinyo wenyewe hukaa juu,
futi hamsini, ndani ya kibuyu
kilichofungwa kinywani mwa karara.

Kakuyuni bado kuna umande.
Thoya keshapanda. Tunaona nyayo tu,
zikikanyaga vidato alivyochonga mwenyewe
mwaka baada ya mwaka, yeye na mnazi wakirefuka pamoja.
Kisu kinasema kwi, kwi,
na kipande chembamba cha karara
kinashuka kikizunguka, kinatua
kwenye kofia ya Bwana Kiptanui.
"Hiyo ni salamu," nasema. Wanacheka.
Nimelisema hilo mara mia.

Mutheu, mwalimu wa kemia, anauliza:
"Huu ni wa mwaka gani?"
Thoya anashuka, anapangusa nyuki ukingoni mwa kibuyu,
analitazama jua kama mtu atazamaye saa.
"Wa usiku wa kuamkia leo.
Saa hii bado mtoto, mtamu, hata bibi arusi anywe.
Saa sita atakuwa na ndevu.
Kesho ni siki, mtieni kwenye kachumbari."

Miaka mitatu nauza nusu siku
na sikuwahi kujiuliza nani aliipima.

Mboko unazunguka, kila mtu na mrija wake.
Signora Ornella, mjane, miaka thelathini Malindi
na hajawahi kuonja,
anafumba macho. Hasemi kitu.
Wengine wanasifu. Wanasifu mno.
Namkonyeza Thoya: ziba masikio, ndugu yangu,
kisima hakiko mbali.

"Na ule?" Ochola anaelekeza kamera
kwenye mnazi wa pembeni,
vidato mpaka juu, kibuyu hakuna.
"Ule umepumzishwa," nasema.
Thoya anatazama vidole vya miguu yake.
Kidato cha kumi na tisa ni kipana kuliko vingine;
baba alipenda kusimama pale akohoe,
apige kelele tumletee tumbaku.
Hilo halimo kwenye bei.

Sabaki, saa nne.
Mto unaleta udongo wa mashamba ya bara,
unaumwaga baharini bila kuomba radhi;
maji ni chai ya maziwa hadi macho yachoke.
Heroe wako ng'ambo, mstari wa waridi
mwembamba kama uzi uliosahauliwa kwenye pindo.
"Hao tu?"
Hao tu. Jana walikuwa miguuni petu.
Ndege hawajasoma karatasi.
Ila kitwitwi mmoja yupo karibu,
anakimbiza wimbi, wimbi linamkimbiza,
na mke wa Kiptanui amevua viatu
anakimbia naye, hajui kama tunamwona.
Kiboko anatoa masikio mawili,
anayatikisa, anayarudisha,
kama mwenye nyumba aliyechungulia dirishani
akaona ni wageni wasiomhusu.

Bwana Kiptanui amenunua lita mbili.
Nilimwambia kizibo kilegee. Alikaza,
akakaza tena, mtu wa mkono mzito.
Katikati ya daraja: pu!
Povu kwenye dari, povu kwenye kamera,
povu kwenye nywele za Signora,
ambaye ndiye aliyecheka kwanza,
akalamba kidole, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni:
"Huyu sasa ana ndevu."

Saa tano na nusu nimeshawashusha wote.
Nimebaki na gari linalonuka
shati la baba, jioni, nyuma ya mlango.
Kesho kuna wengine sita, asubuhi.
Nafungua madirisha yote manne.
Kisha nafunga moja.