Kimea

Nilikwenda kwa nesi Teresia kutazama friji,
si kujifunza kitu.
Nyumba ya tatu nyuma ya hospitali, Chake,
kompresa imekufa tangu Jumanne.
Lakini jikoni palinuka mkate
ambao haujawa mkate,
na sakafuni, juu ya gunia lililolowa,
mtama umelala, umeota masharubu.

"Umeoza," nikasema.
"Umeamka. Mimi Mngoni, Shaame,
usinifundishe mtama."

Kwao Songea mama yake hupika pombe ya ulezi.
Hapa Pemba yeye hupika ndoo moja,
mlango kaufunga, yeye na Mola wake.
Mimi sinywi. Nilimwambia mapema,
hata bisibisi sijaitoa mfukoni.
"Kwani nani kakupa?"
Ila kuuliza niliuliza. Fundi hana haya.

Punje, akasema, ikilowa siku nzima, ikafunikwa,
hudhani imezikwa.
Hudhani masika yameingia.
Basi hufungua ghala yake,
wanga wote ikaufanya sukari
kwa ajili ya mche ambao hautakuja,
maana siku ya tatu tunaianika juani.

"Tumeidanganya?"
"Tumeidanganya."

Siku ile sikulipwa pesa.
Nilitoka na kibaba cha kimea ndani ya gazeti.

Mara ya kwanza nilikiua.
Uji unatokota, nikamwaga kimea chote,
nikakoroga mpaka bega likauma.
Asubuhi ni uji ule ule, mzito, bubu.
Mke wangu Mize akabandikia kalenda ukutani,
na kalenda ikashika.

Teresia kwenye simu:
"Moto una adabu zake, fundi. Tia kidole.
Moja uihesabu, mbili uihesabu,
tatu uitamke kidole kiko nje."
Nina kipimajoto cha kazi. Nikapima:
sitini na tano.

Mara ya pili sufuria nikaivisha blanketi la mtoto,
saa nzima na nusu sikufunua kawa.
Nilipofunua, sijui niseme vipi,
kilichokuwa kimesimama kimekaa.
Uji umekuwa maji, na maji matamu,
sukari sikutia hata chembe.
Nikachuja kwa kifumbu cha tui,
machicha nikawatupia kuku,
nikajaza chupa, nikaziba,
nikaenda Wete kufunga mafriji siku tatu.

Nilimkuta Mize barazani, mikono kifuani.
"Chupa yako imesema."
Kizibo kilikuwa juu ya kabati.
"Na iliyobaki inapumua, Shaame.
Inapumua kama mtu."
Tukaisimamia wote wawili, tunaisikiliza.
Hatukuonja. Niliumwagia mstafeli.
Sitasema kwamba sikunusa.

Kumbe mpaka haupo kwenye mtama,
wala kwenye sufuria.
Mpaka ni saa.
Leo togwa, kesho kutwa jina jingine,
na punje ni ile ile.

Mara ya tatu nilikesha nayo.
Karibu na adhana ya alfajiri ukali ukagusa ulimi,
mdogo, kama ndimu iliyokatwa nyumba ya pili.
Hapo hapo nikaitia kwenye friji.

Teresia alipokea kikombe, akanywa,
akafumba jicho moja.
"Hii bia imesomeshwa chuoni," akasema.
Halafu akarudi kuwa nesi:
"Kimea kilichobaki usikitupe.
Kijiko kimoja kwenye uji wa mwanao, ukipoa kidogo.
Utalegea. Atakunywa bila vita."

Sabiha wetu ana miezi minane,
na uji ni adui yake.
Jioni ile Mize akatia kijiko, akakoroga, akangoja.
Mtoto akakunja uso.
Akaonja tena.
Akakikamata kikombe kwa mikono miwili.

Utamu ule punje iliuwekea mche.
Sisemi tumelipa.
Nasema tu umemfikia mdogo.

Friji la Teresia bado bovu.
Nangoja kompresa kutoka Unguja.