Futi Saba na Inchi Nne

Nilimwambia Nolfa: kilo sabini na nane.
Hakuinua macho. Alikuwa anapiga msasa
ubavu wa ubao wa mtu mwingine,
vumbi jeupe limemkaa kwenye nyusi
kama unga unavyonikaa mimi alfajiri, mbele ya tanuri.

"Nataka futi sita na inchi moja," nikasema,
"kama ule wangu wa zamani."
Wa zamani niliununua nikiwa na miaka ishirini na mitatu,
kwa mshahara wa kwanza wa kuoka mikate,
tumbo langu likiwa bado mali ya mgongo.

Akaweka msasa chini.
Unaingia majini mara ngapi kwa wiki?
Tatu, nikasema. (Ni moja, upepo ukiridhia.)
Unaingia wapi?
Punta de Lobos, nikasema,
na hata paka wake pale mlangoni akageuza shingo.
"Nimeuliza bahari unayoiingia," akasema Nolfa,
"sio ile unayoiota."

La Puntilla, basi.
Kule wimbi linakuja kiunoni, refu, halina haraka,
linajikunja kuelekea kushoto
kama shuka inayokunjwa na mtu mmoja.

Nyuma ya karakana kuna mizani ya chuma,
ya mumewe, ya kupimia mwani:
wanaukausha, wanaufunga matita, wanaupeleka Santiago.
Akashusha tita moja, akanionyesha kwa kidole.
Nikavua viatu. Nikavua koti.
Nikatoa funguo mfukoni, nikatoa na sarafu.
Themanini na tisa.

Mficha uchi hazai, tunaambiwa.
Mficha kilo, nilijua siku ile, haelei.

Nolfa hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma.
Akachomoa penseli sikioni, akachora
nyuma ya kipande cha msasa kilichokwisha makali.
Mfupi ni kisu, akasema. Unageuka upesi,
unapenya wimbi lililosimama wima,
lakini unataka mabega ya kuukimbiza
na maji yenye hasira ya kuusukuma.
Wimbi lako halina hasira. Utapiga mikono weee,
nalo litapita chini yako
kama mgeni asiyebisha hodi.
Mrefu unaelea; unalidaka wimbi
likiwa bado ni wazo tu.
Ila upeleke penye ukuta wa maji:
pua itachimba, mkia utapaa,
na utaijua ladha ya mchanga.

"Tisa, basi?" nikauliza kwa unyonge.
"Futi tisa utazishusha vipi zile ngazi, na goti hilo?"
Sikuwa nimemwambia habari za goti.

Akapima. Akafuta. Akapima tena.
Akaniambia nilale kifudifudi juu ya meza,
akaweka alama mahali kidevu kilipoishia.
Saba na nne, akasema, mkia wa mviringo,
unene uje mbele kidogo, chini ya kifua.
Njoo baada ya wiki sita. Lete na mkate.

Jumanne ya baridi, maji yaking'ata vifundo,
nililala juu yake, na kifua changu kikabaki kikavu.
Nilikuwa nimesahau kwamba kifua hukaa kikavu.
Wimbi la tatu nililipata kabla halijajijua.
Nikainuka kwa vituo: goti, mguu, goti tena,
kisha mtu mzima, amesimama, anakwenda,
anampita kijana wa ubao mfupi
anayepiga mikono bado.
La nne lilijifunga lote kwa mpigo.
Pua ikachimba, kama alivyosema.
Nikaibuka na mchanga masikioni, nikiwaza:
je, saba kamili ingekuwaje?

Nyumbani niliupindua niusuuze chumvi.
Chini ya rezini, karibu na mapezi,
mahali ambapo hakuna kifutio kinachofika,
nikaukuta mwandiko wake wa penseli:
saba na nne, kilo 89, La Puntilla.
Na kando, kwa tarakimu ndogo kama sisimizi,
78,
imepigwa mstari mmoja.