Daftari la Mlekwa

Jalada lina picha ya twiga; jina la shule
limekwanguliwa kwa wembe. Ndani, kalamu ya buluu:
MAJARIBIO. Na chini yake, kwa herufi ndogo,
kama anayemnong'oneza mkaguzi: *na kasoro zake.*

*La kwanza.* Imepanda kimo cha paa la mama Nyanzala,
ikaona haya, ikarudi.
Sababu: sijui.

*La pili.* Imelala chini, ikafoka kama bata bukini.
Sababu: unyevu. Niliianika, lakini Tabora hii
Novemba ikikuahidi jua, dai risiti.

*La tano.* Gundi ya uji. Panya wamekula usiku.

(La tatu na la nne hayapo. Ukurasa umechanwa,
na mimi ndiye niliyeuchana, nikawashia jiko.
Sikujua. Ndio kwanza leo naungama.)

*La saba* imeenda ubavuni, ikakatisha uwanja wa Isevya,
ikapita chini ya baiskeli ya muuza asali.
Asali haikumwagika. Matusi yalimwagika.
Sababu: fito imepinda, nilichomoa kwenye fagio.
Pembeni, wino mwingine: *usisingizie fagio. Ni haraka.*

Huyo ndiye kaka yangu, fundi wa miaka kumi na saba,
mtoto wa mtu wa reli.
Baba alizifunga fataki juu ya chuma, kule Igalula,
mwaka ule maji yalipozoa tuta.
Gurudumu likakanyaga: moja, mbili, tatu,
na dereva, haoni kitu gizani, akajua: simama.
Alitusimulia akila, mchuzi wa migebuka ukimchuruzika kidoleni:
mlio si sherehe. Mlio ni mtu anakuzuia.
Mlekwa aliitikia kwa kichwa, kwa adabu.
Yeye alitaka mlio unaosema njoo.

*La kumi na moja.* IMEPANDA. Nyekundu!
Kalunde amepiga makofi.

(Ni mimi. Nilikuwa na miaka tisa.
Haikuwa nyekundu, ilikuwa rangi ya kutu.
Nilipiga makofi hivyo hivyo.)

Kasoro: haikukaa.

Ukurasa wa kumi na tisa hauna neno
ila duara la kikombe cha chai, kama muhuri.
Wa ishirini, mwandiko umehama.
Herufi zimelalia kushoto, *s* imegeuka
kama ya mtoto wa chekechea,
mistari inapanda mlima bila ruhusa.

*La kumi na nne.* Imewaka kabla sijaondoka.
Sababu: mimi.

Hakuna lililoandikwa kuhusu wodi ya Kitete, wala baba
aliyekaa kwenye benchi siku mbili na sare yake,
filimbi ikining'inia kifuani, haipulizwi.
Wala vidole, ambavyo nyumbani kwetu
havijawahi kutajwa kwa hesabu. Tunasema tu: mkono ule.

Nilidhani linaishia hapo.

*La kumi na tano.* Kishada. Gazeti, uzi wa nailoni,
balbu ya tochi, betri mbili kuukuu nilizozianika bati.
Kasoro: kizito. Kimegoma kama punda kisimani.

*La kumi na sita.* Betri moja. Kimepanda.
Kalunde anasema haoni taa yoyote.

(Sikumbuki kusema hivyo.)

*La kumi na saba.* Saa mbili usiku, upepo wa stesheni.
Kimetulia juu ya mabehewa, kimetulia kabisa.
Treni ya Mpanda imechelewa, abiria wameinua vichwa,
mmoja ameuliza kama ni nyota au mnara wa simu.
Baba ametoka na taulo begani.
Hakusema kitu. Ameshika uzi kidogo.
Kasoro: hakina mlio.

Na hapo chini, kwa kalamu nyekundu ya ripoti,
mwandiko mzito ninaoujua:
*Si kasoro. Imekaguliwa.*

Tarehe hakuweka.
Baba, aliyeandika tarehe
hata kwenye mifuko ya sukari.