Mashoto

Alipokuwa na miaka minne nilimfunga mkono wa kushoto
kwa upindo wa leso, nikaukaza kiunoni,
ale kwa wa kulia kama watu.
Alilia mpaka wali ukapoa.
Mama mkwe akasema, mwache, atazoea.
Nikamwacha. Akazoea kuniogopa.

Leo maghala ya chai kule Shimanzi
yanaulipa mshahara mkono ule ule.
Meneja wa timu, Bwana Mwandoro, alinieleza taratibu
kama karani anayemweleza mtu habari za mkopo:
"Mama Mejumaa, upande wa kulia wa uwanja
unamtaka mtu wa shoto. Hao ni adimu.
Mabinti wa kulia ninao tele, hata wa kugawa."
Adimu. Neno hilo nililijua kwa sukari na mafuta ya taa.

Mkataba wa miezi kumi.
Asubuhi anapima majani kwa gramu, anabandika namba mifukoni;
saa kumi jioni anavua kofia ya kazi
akarushe mpira kwenye saruji ya Makande
hadi taa ya nguzo iwake, kama itawaka.
Tarehe tano simu yangu hulia: elfu sita, elfu nane.
Mwezi alioumia bega, haikulia.
Wiki tisa alikaa benchi na barafu ya duka la samaki,
na msichana kutoka Busia, naye mashoto,
akavaa jezi namba kumi na moja.
Sikuuliza. Nilikaanga bajia zaidi.

Nimekwenda kumtazama mara moja tu, Jumapili,
na ndoo yangu, maana mashabiki nao hula.
Mchezo wenyewe siuelewi: hatua tatu, sekunde tatu,
ukizidisha, filimbi.
Maisha gani haya ya kuhesabiwa pumzi?
Lakini nilimwona akiruka kutoka pembeni,
pembeni kabisa, pale ambapo goli limekuwa ufa,
akaning'inia, wallahi alining'inia,
mkono ukazunguka nyuma ya kichwa
ukatafuta upenyo kama mwizi aliyelelewa nyumba hiyo.
Wavu ukatikisika. Nikamwaga ukwaju.

Dakika ya mwisho wakampa mita saba.
Yeye na golikipa, na kimya.
Mpira ukagonga mlingoti.

Hakujitupa chini, hakushika kichwa
kama wale wanaume wa kwenye televisheni.
Aliutazama mkono wake,
muda mrefu,
nami kule juu nikajificha uso kwa kifuniko cha ndoo,
kwa kuwa macho yale nayajua:
ndiyo aliyoutazama nayo upindo wangu wa leso.

Usiku alikula kimya, kwa wa kulia, kwa adabu.
Wa kushoto umelala pajani, vidole vimegandana,
vyeusi kwa ile gundi wanayopaka mpira usiteleze.
Maji hayaitoi. Sabuni haiitoi.
Nikamimina mafuta ya nazi kwenye kisosi.
"Lete mkono," nikamwambia.
Akaleta wa kulia.
"Siyo huo."