Chumvi ya Sabina Lavelle

Mwaka elfu moja mia tisa na moja, Jumapili ya mwisho ya Machi,
konstebo aliandika: Sabina Lavelle, mke wa mtu,
miaka hamsini na miwili, hajui kusoma,
kijiji cha Dooega, kisiwa cha Achill.
Miaka kumi baadaye, nyumba ileile, ng'ombe yuleyule mmoja,
mkono mwingine ukaandika: Sibby, mjane,
sabini na miwili.

Kaka yangu Malachy alikuwa mhasibu
na hadi leo hapati usingizi jedwali lisipofunga.
Akanipigia simu kutoka Kleveland:
"Hao ni wanawake wawili. Mmoja alikufa.
Hatujui hata tumerithi pua ya yupi."

Mimi nina karatasi mbili mezani na chai iliyopoa,
na kati yao Thady, babu yetu:
hapa ana sita, pale kumi na sita,
mtu pekee humo ndani anayekua kama watu.
Ukiiamini karatasi ya pili,
alizaliwa mama yake akiwa na hamsini na sita.
Malachy alicheka.
Mimi nilikwenda kutafuta ubatizo.

Kitabu cha kanisa kimeliwa na unyevu;
kurasa za miaka ile zimeshikana kama mkate uliolowa.
Bi Attracta wa maktaba ya Castlebar
alinitazama juu ya miwani yake,
akasema neno moja:
"Pensheni."

Basi. Shilingi tano kwa wiki, kwa kila aliyetimiza sabini,
na kisiwa kizima kikazeeka usiku mmoja.
Nani angewabishia? Vyeti hakuna, mapadri wako kaburini.
Afisa akauliza: Unaukumbuka Usiku wa Upepo Mkubwa,
ule wa mwaka thelathini na tisa, ulioezua mapaa?
Wakaukumbuka wote,
hata waliozaliwa miaka kumi baada ya upepo kutulia.
Namsikia Sabina akimweleza, kwa Kiairishi,
kuhusu kuku wao mweupe aliyeonekana kesho yake
juu ya mnara wa kanisa, hai.

Aliyeishi sana husemwa amekula chumvi nyingi.
Sabina hakuila. Aliitia,
konzi juu ya konzi,
miaka ishirini katika sufuria ya kumi.
Simlaumu. Mume alikwisha kuzikwa Uskoti,
alikokwenda kuchimba viazi vya watu,
na njaa haijawahi kuomba cheti.

Lakini upande wa kulia wa karatasi kuna safu
ambayo sikuitazama hadi usiku wa tatu.
Inawauliza wenye waume, si wajane:
Umezaa watoto wangapi walio hai?
Wangapi wapo hadi leo?
Hakuulizwa. Alijibu.
Konstebo akaandika, kisha akakumbuka kanuni,
akapiga mstari.
Chini ya mstari bado panasomeka:
tisa.
Wanne.

Mama alitufundisha majina matano.
La sita nimelipata, Honor, kwenye orodha ya waliozikwa kwa homa.
La saba huenda ni Austin,
huenda ni doa la wino.

Miaka yake aliiuza kwa serikali, kwa bei nzuri.
Hawa hakumwongeza hata mmoja,
hakumpunguza hata mmoja,
na hapakuwa na mtu wa kumlipa kwa hilo.
Sahihi yake ni msalaba uliolala ubavu,
mkono mmoja mrefu kupita mwenzake,
kama mtu anayeegemea mlango ili karani asiondoke bado.

Nikampigia Malachy. Nikamwambia: ni mmoja.
Akanyamaza, nikasikia karatasi zake.
"Sasa mwaka wa kuzaliwa tuandike upi?"
Nikamwambia, wowote,
ila kwa penseli.
Halafu chukua kalamu ya wino,
uchore nafasi tisa.