Mpaka Laini

Karatasi ilifika mezani kwangu Jumatatu,
imekunjwa mara nne, imetobolewa na mende,
yanuka kabati na karafuu kuukuu.
Mahakama ya Wete, chumba cha nyuma, dirisha moja.
Mimi ndiye mkalimani. Nalipwa kwa ukurasa.
Ukurasa huu ulikuwa mmoja, na nusu yake mhuri.

"Kutoka kisimani," ndivyo Kiingereza kilivyosema,
"kutoka kisimani kwenda kwenye laini,
shamba ni la Faki bin Shaame na kizazi chake."
Basi. Aliyepiga taipu alimaliza, akanywa chai yake,
akafa zamani, hakuacha hata jina.

Mgeni, mjukuu wa Faki, anasema laini ni safu,
ile safu ya mikarafuu ya juu
ambayo babu akiihesabu kwa kuigusa mmoja mmoja.
Binamu yake Hadia anasema laini ni waya,
waya wa simu uliopita pale enzi za Mwingereza,
na kisiki cha nguzo kipo, mtu akitaka akaonyeshwe.
Kati ya safu na waya, miti thelathini na saba
na miaka sita bila kupeana mkono wa Idi.

Usiku nikafungua kamusi. Ewe neno!
Lugha gani hii, yenye kanzu moja
ya harusini na ya maziko?
Mstari wa daftari, laini.
Kamba ya kuanikia nguo, laini.
Mshipi wenye ndoana. Foleni ya unga.
Reli, ambayo Pemba hatuna.
Kunyanzi la uso wa mke wangu, aliyeniambia zima taa.
Mshororo wa shairi. Nasaba: baba, babu, babu wa babu...
Hapo nikasita. Je, kama karani alikusudia nasaba?
Shamba litokee kisimani liishie makaburini?
Nikacheka peke yangu. Nikazima taa.

Alhamisi tukaenda Pandani: hakimu, mimi,
na mtu wa ramani na futi yake ya chuma.
Msimu umeiva, vishada vinashuka kwa kamba.
Siafu wamekata njia, msururu mweusi toka kisimani.
Nikawaambia moyoni, hata nyie mmo kwenye kamusi.

Ndipo Bi Mkasi, aliyekaa jamvini akitenga makonyo,
ambaye hakuna aliyemwita shahidi,
akasema bila kuinua kichwa:
"Laini? Si kule kwenye mnazi uliokatika?
Wachumaji wa kutoka Unguja wakilala pale,
vibanda kumi vya makuti, mlango kwa mlango.
Mama akinituma, peleka uji Laini.
Nami napeleka."

Tukageuka sote.
Pale mnazini hapakuwa na safu wala waya.
Palikuwa na mihogo,
na mihogo ile ni ya Ngwali,
aliyekuja kutazama kesi ya wenzake
na sasa alikuwa akifunga vifungo vya shati.

Nikarudi Wete, nikaandika.
Sikuweka safu. Sikuweka waya, sikuweka vibanda.
Niliandika: kutoka kisimani mpaka laini.
Hakimu akavua miwani.
"Mpaka gani huo ulio laini?"

Nikaona nami nimenaswa.
Lugha yangu nayo ina mpaka wa kufikia
na mpaka wa kuzuia,
na ile laini ya wageni ilipoingia kwetu
ilimkuta laini mwenyeji, wa pamba na maandazi.
Wanalala kitanda kimoja, hawajuani.
"Mheshimiwa," nikasema, "neno ndilo laini. Kesi ni ngumu."
Hakucheka.

Imeahirishwa hadi mwezi ujao.
Miti thelathini na saba imepigwa marufuku,
hapandi wa Mgeni, hapandi wa Hadia.
Karafuu haijui Kiingereza. Imechanua,
imekuwa mpeta, inaanguka
upande wowote.