Chaza wa Pangani

Nilimweka juu ya jiwe, karibu na taa.
Usiku akateleza, akalala kifudifudi mchangani.
Nikamrudisha. Akashuka tena.
Mara ya tatu nikakoma ubishi:
nikatafuta kigae,
nikakilaza palepale alipochagua.

Siku ya nne akaota nyuzi, akashika.
Tangu hapo hang'oki, hata nikihama.

Bi Kerubo wa mlango wa pili huja na kikombe chake,
"Huyu anapikwa lini?"
Kivuli chake kinapita kiooni, chaza anafumba
kama kibanda kilichosikia kanjo wanakuja.
Tunangoja. Kisha midomo ya buluu
inafunguka kidogo kidogo,
na chai ya Kerubo inapoa mkononi.

Bahari yangu ni lita mia mbili, ghorofa ya tano,
chumvi yake naipima kwa mizani ya unga.

Jana tokeni ziliisha saa nane usiku.
Pampu ikanyamaza; ule ukimya ndio ulioniamsha.
Nikasimama gizani na jagi,
nachota, namwaga, nachota, namwaga,
hewa iingie,
mpaka mkono ukafa ganzi
na Barabara ya Thika ikaanza kunguruma.